Bonge la damu limeisha, mbona mguu bado unavimba?

Miaka mitatu iliyopita niliteleza kwenye tope la mteremko wa Kadutu, hapa Bukavu, nikavunjika mguu. Ukafungwa plasta wiki sita. Ilipotolewa, shavu la mguu likavimba, likawa la moto. Majirani zangu wa sokoni, ninapouza vitenge, walikuwa na jibu tayari: nimetegwa dawa njiani. Nikapoteza siku nne nikiuchua kwa mafuta. Ndugu zangu, msinifuate! Damu ilikuwa imeganda ndani ya vena, mshipa unaorudisha damu moyoni, na bonge likichomoka hukimbilia mapafuni. Pumzi ikikata ghafla au kifua kikichoma, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Ekografi, kile kipimo cha picha kwa mawimbi ya sauti, ikaonyesha bonge, nikapewa dawa za miezi mitatu. Nikazimaliza, nikafurahi. Lakini kila jioni mguu ulikuwa mzito kama gunia la mihogo, na ngozi juu ya kifundo ikaanza kuwa ya kahawia.

Docta akanichorea. Ndani ya vena za miguu mna vali, vijikunjo viwili vyembamba vinavyopitisha damu ikipanda kwenda moyoni, kisha vinafunga isirudi. Bonge mara nyingi huanzia nyuma ya vijikunjo hivyo, mahali damu inapozubaa. Zile dawa hazilivunji. Zinalizuia lisikue, mwili ndio unalila polepole. Humo ndimo hasara inapoingia: mshipa unawaka, unaweka kovu, na kovu linafupisha vali au kuibandika ukutani. Haifungi tena. Ukisimama, damu inashuka. Ni kupandisha maji ya ziwa kwa ndoo iliyotoboka. Shinikizo likidumu miaka, kidonda kinaweza kutoka karibu na kifundo.

Si kila mtu yanamfika; ni kama 20 hadi 50 katika kila 100 walioganda damu hivyo. Mimi nimo.

Vali yenye kovu hairudi kwa kidonge. Kinachonisaidia ni soksi ya kubana, niliyopimiwa na docta (msijinunulie hovyo, mwenye mishipa mibovu ya kupeleka damu mguuni inaweza kumdhuru). Naivaa kabla sijashuka kitandani, mguu ungali mwembamba. Haipendezi, lakini kitenge kinaificha. Halafu natembea, kwa sababu shavu la mguu ndilo pampu, na milima ya Bukavu hatuilipii. Mteja akikosekana, mguu unapanda juu ya robota la vitenge. Mwanzoni walinicheka. Sasa mama wa meza ya pili naye anapandisha wake.