Pasipoti haileti pensheni: jibu langu kwa mnaouliza kwa nini sirudi

Wanangu na wadogo zangu, swali lenu nimelisikia kwa upole na nimelisikia kwa ukali: shangazi umestaafu, pensheni ya Uingereza unayo, kibanda Tanga umejenga, sasa unasubiri nini kwenye hiyo baridi? Na mbona ukija hukai hata mwezi? Jibu liko kwenye pesa na karatasi, na leo nalieleza lote.

Wengi mnaamini kuwa pensheni ya huku inatokana na pasipoti. Sivyo. Wanapokulipa pensheni ya taifa hawaangalii wewe ni raia wa wapi, wanaangalia umechangia bima ya taifa, yaani makato ya mshahara yanayokujengea pensheni, miaka mingapi. Kwa utaratibu ulioanza Aprili 2016, bila miaka 10 ya michango hupati hata senti, na kiwango kamili kwa kawaida kinataka miaka 35. Kwa mwaka ulioanza Aprili 2025, kiwango kamili kilikuwa pauni 230.25 kwa wiki. Mimi nina miaka 24 inayohesabika, kwa hiyo changu mwaka huo kilikuwa kama pauni 158. Miaka niliyofanya kazi kiwandani Tanga haiingii humo, kwa sababu Tanzania na Uingereza hazina mkataba wa kuunganisha michango. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, nao kwa pensheni ya uzeeni wanataka miezi 180, ambayo mimi sikuifikisha kabla ya kuondoka.

Kuna jambo sisi wabeba boksi, tunaofanya vibarua ughaibuni, hatulisemi tukija likizo. Wenzetu wengi walifanya kazi kwa karatasi za mtu mwingine, au walilipwa mkononi. Jasho lilikuwa lao, lakini michango iliandikwa kwa jina la mwenye karatasi, au haikuandikwa popote. Nawafahamu watu waliovuka miaka 66 ambao bado wanaamka saa kumi alfajiri kwenda kufagia ofisi za watu. Mitandaoni mnawaona wamependeza. Nawaomba sana, mkiwa na ndugu wa namna hiyo, punguzeni kumwomba.

Sasa kuhusu kurudi. Ukihamia Tanzania pensheni yako inakufuata, lakini kiwango chake kinabaki pale pale, hakipandi. Aliyeko Uingereza anaongezewa kila Aprili. Aliyehamia Marekani, Jamaika, Mauritius au Ufilipino naye anaongezewa, kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Tanzania haimo, Kenya haimo, Uganda haimo. Hata Kanada na Australia hazimo. Mtu aliyehamia Tanga mwaka 2016 akiwa na pensheni kamili alikuwa anapokea pauni 155.65 kwa wiki, na mpaka leo anapokea hizo hizo, wakati bei ya mchele na dawa za presha haikumsubiri. Mstaafu mmoja aliyekuwa akiishi Afrika Kusini, Annette Carson, aliifikisha kesi hii kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg. Mwaka 2010 mahakama ikamkatalia. Inaniuma. Tulichangia sawasawa na waliobaki, na hakuna aliyetukata kidogo kwa sababu siku moja tungerudi Afrika.

Na hizo wiki tatu tu ninazokaa nikija, zinazowaudhi? Pensheni yangu ni ndogo, kwa hiyo serikali inaniongezea ruzuku ya wastaafu wenye kipato cha chini hadi nifike kiwango ambacho kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 227.10 kwa wiki, na kodi ya nyumba nasaidiwa. Ruzuku hiyo si pensheni. Nikikaa nje ya nchi zaidi ya wiki nne, kwa kawaida inakatwa, na msaada wa kodi unakatwa pia. Ndiyo maana msiba wa kaka ulipokwisha niliondoka kabla ya arobaini. Wapo waliosema nimekuwa Mzungu. Nilikuwa nalia kwenye ndege.

Hapo ndipo pasipoti inapoingia. Mimi bado nina pasipoti ya Tanzania na kibali cha kuishi huku bila ukomo. Lakini hicho kibali kina masharti: nikikaa nje miaka miwili mfululizo, kinakufa. Kwa hiyo siwezi kuja "kujaribu" nyumbani miaka mitatu, nikiona dialisisi au upasuaji umenishinda gharama nirudi. Ningechukua uraia wa Uingereza ningekwenda na kurudi nitakavyo, lakini sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ningeingia Tanga kwa viza, kama mtalii, na suala la kumiliki ardhi aliyoniachia baba lingekuwa la kutafutiwa njia. Wakenya walilimaliza hili kwenye Katiba yao ya 2010, na rafiki zangu wa Mombasa wana pasipoti zote mbili kwenye pochi. Sisi tumeletewa hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania. Ni hatua nzuri, nashukuru, ila haikufanyi raia.

Wewe Salimu unayeondoka mwakani, sikiliza vizuri. Namba ya bima ya taifa iwe yako, jina liwe lako, tangu mshahara wa kwanza. Kila baada ya miaka michache angalia rekodi yako mtandaoni, maana mwaka ulioruka unaweza kuulipia, ila kuna muda wa mwisho. Na ukibadilisha pasipoti, siku hiyo hiyo ingiza namba mpya kwenye akaunti yako ya viza ya kielektroniki. Kadi za ukaazi zimeondolewa, kibali sasa kiko kwenye kompyuta na kimefungwa na namba ya pasipoti. Namba zikipishana unaweza kuzuiwa pale kaunta uwanja wa ndege Dar, na mfanyakazi wa ndege hana la kukusaidia.

Yangu nayo inakaribia kuisha. Ni hizi za kielektroniki zilizoanza kutolewa 2018, za miaka kumi. Fomu nitajaza mtandaoni, alama za vidole nitakwenda kutoa mwenyewe ubalozini London. Kwa hiyo, kabla hamjaniuliza tena narudi lini, nitafutieni cheti cha kuzaliwa cha marehemu baba kwenye lile sanduku la bati, mkipige picha pande zote mbili, isomeke mpaka mhuri.