Jibu: Mdudu mweusi mwenye madoa ya chungwa kwenye sukuma wiki

Ndugu, mdudu uliyeuliza kama ni adui wa sukuma wiki yako, mweusi, mrefu kiasi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa na miguu sita, yaelekea ni lava (mdudu mchanga asiyekomaa) wa mdudu-kibibi, yule mbawakawa mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi tunayemfahamu sote. Amefuata vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa majani, ambao ndio chakula chake, kwa hiyo tafadhali usimpulizie dawa.

Wapo hata hivyo jamaa zake wanaokula majani, hasa ya maboga na matango, na lava wao huwa wa manjano, wenye miiba yenye matawi mwili mzima, ilhali wakubwa wao wana vinyweleo vifupi mgongoni vinavyowapunguzia mng'ao. Picha iliyopigwa kutoka juu kwenye jua la saa sita, kama hii yako, huficha alama hizo. Piga asubuhi mapema, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi, ukimkaribia kwa ubavu, kisha upige na upande wa chini wa jani, kwa kuwa jinsi jani lilivyoliwa mara nyingi hueleza zaidi kuliko rangi ya mdudu. Mimi huweka sarafu kando yake ili ukubwa uonekane.