Maswali na majibu: Kanisa likija baada ya mafuriko

Kila mto Sabaki unapofurika hapa kwetu Malindi na Magarini, safu hii hupata barua za makundi mawili: wanaotaka kusaidia na waliosaidiwa. Leo nimewachanganya makusudi, maana naona hawapati nafasi ya kusikizana.

Bwana asifiwe. Sisi vijana wa kanisa moja hapa Nairobi tumekusanya magunia ya nguo kwa ajili ya walioathirika Magarini. Tunaomba kujua tuzilete wapi. – Katibu wa vijana, Nairobi

Amina, ndugu katibu. Nguo ziuzeni huko huko, mje na pesa. Mitumba Malindi ipo tele, na nauli ya lori la kuleta magunia hayo ingetosha kununua majembe na matoroli ya kutolea tope majumbani. Vinunueni Gongoni au Marafa, si Nairobi. Mwenye duka naye maji yalimfikia, na nusu ya wateja wake sasa wanakopa. Pesa yenu ikipita kwake imesaidia mara mbili.

Kitu ambacho watu husahau ni mbegu. Maji yakishuka huacha udongo mpya wenye rutuba kando ya mto, na mkulima aliyepoteza akiba yake hana cha kupanda. Leteni pojo, kunde na vipando vya mihogo. Mkinunua mahindi, ulizeni mbegu za Pwani kama PH1 au PH4, zilizotokana na utafiti wa Mtwapa. Niliwahi kuona wahisani wakigawa H614 ya nyanda za juu, ambayo huko Kitale hukaa shambani karibu nusu mwaka. Mvua yetu haina subira hiyo. Afisa wa kilimo wa wadi atawaambia cha kununua, na hatawadai chochote.

Tena msione mnakuja kusaidia watu wa mbali. Sabaki ni ule ule mto Athi, unaoanzia upande wenu, ukakutana na Tsavo na kuitwa Galana kabla ya kufika kwetu. Mvua ya Nairobi na Ukambani hutuzamisha hapa siku ambayo Malindi hakujanyesha tone.

Asalaam aleikum, ndugu mwandishi. Kikundi cha kanisa kilitugawia unga, mafuta na nyama ya mkebe. Kabla ya kugawa walihubiri kama saa nzima, nasi Waislamu tumo kwenye foleni na watoto juani. Je, ndiyo haki? Na vyakula vyao tule? – Mama wa watoto wanne, Malindi

Waaleikum salaam, mama. Unga na mafuta kula bila wasiwasi. Nyama ya mkebe muulize sheikh wako, na kama haina alama ya halali, mpe jirani anayeila. Kosa hapo ni la kutouliza. Kikundi kinachokuja Malindi au Lamu bila kujua majirani zake wanakula nini hakijajiandaa.

Ama ile saa ya mahubiri, hapana, si haki. Wala silisemi kwa sababu nalipinga kanisa, maana kanisa lenyewe lilishasema hivyo. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika makubwa ya misaada walikubaliana kanuni za mwenendo wakati wa maafa. Miongoni mwa waliozidhamini ni Caritas ya Kanisa Katoliki, Baraza la Makanisa Ulimwenguni na Shirikisho la Walutheri Duniani. Kanuni hizo zinasema msaada hutolewa bila kujali dini ya mtu, na usitumiwe kueneza msimamo wa kidini wala wa kisiasa. Anayetaka kuhubiri ana Jumapili na ana jengo lake. Mwenye njaa aliye kwenye foleni hana pa kwenda, kwa hiyo kumhubiria hapo ni kumfungia mlango kwa nje.

Mkimwona kiongozi wao, mwambieni kwa upole, na mzee wa mtaa awepo. Wengi hufanya hivyo kwa mazoea tu.

Wajitoleaji wa kanisa wamekuja na pampu ya petroli, wanataka kukisafisha kisima chetu leo leo. Kimejaa maji ya mto. Tuwaruhusu? – Kamati ya maji, karibu na Sabaki

Wapeni chai kwanza, wasianze.

Pampu hiyo isishushwe kisimani hata kidogo. Moshi wake una gesi yenye sumu isiyo na harufu, hujaa humo kisimani, na anayeshuka kuiangalia hapandi tena. Mara nyingi anayemfuata kumwokoa naye hubaki huko. Pampu ikae juu, mbali na mdomo wa kisima, bomba tu ndilo lishuke.

La pili ni haraka yao. Ardhi ingali imelowa, na maji yaliyo kisimani ndiyo yanayozishikilia kuta. Mkikikausha kwa mara moja zinaweza kuporomoka. Ngojeni maji ya nje yashuke, kisha mtoe kidogo kidogo. Na kwa visima vilivyo karibu na bahari kuna hasara nyingine: mkivuta kupita kiasi, maji ya chumvi hupanda, na hayo hayatoki kwa klorini.

Baada ya kutoa tope na kusugua kuta ndipo dawa hutiwa. Hapo mwiteni afisa wa afya ya umma. Kipimo cha klorini hutegemea maji yaliyomo, na si jambo la kukisia kwa kikombe. Atatazama pia choo kiko umbali gani. Kikiwa chini ya mita 30, mtasafisha kisima kila mwezi na kipindupindu hakitaondoka. Hadi apime na kuridhika, maji ya kunywa yachemsheni. Mkitumia dawa ya maji, yaacheni yatulie na kuyachuja kwa leso safi kwanza, kwani dawa hupungua nguvu kwenye maji yenye tope.

Tangu Shakahola, ambako wafuasi wa mhubiri walifunga hadi kufa, nikiona watu wamevaa fulana moja wakiimba mapambio, mwili wanisisimka. Niwaamini vipi hawa? – Baba, Malindi

Una haki ya kusisimkwa. Shakahola iko kwenye eneo letu, na miili zaidi ya 400 iliyofukuliwa humo kuanzia mwaka 2023 haiwezi kusahauliwa kwa sababu mtu ameleta mchele.

Waulize bila haya: wametumwa na kanisa gani, chifu amewapokea lini, nani anashika pesa. Waliozoea kazi hii hawakasiriki. Padre au mchungaji wa hapa anapaswa kuwajua. Jimbo Katoliki la Malindi, kwa mfano, linafika hadi Lamu na Tana River, na lina maparokia ya kuulizia. Lakini kipimo changu ni kingine. Sikiliza wanasemaje kuhusu hospitali na shule. Anayekukataza kumpeleka mtoto kliniki, au anayetaka kuondoka naye "akasomeshwe", mtoe bomani na umpigie chifu simu hapo hapo.

Wanatupiga picha tukipokea unga. Tunaweza kukataa? – Msichana, Gongoni

Ndiyo, na unga upewe vile vile. Mtoto asipigwe picha bila idhini ya mzazi. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 iko upande wenu.

Sisi ni waashi wa kanisa moja Mpeketoni. Tunataka kuwajengea wajane watatu nyumba za mawe kando ya Sabaki. Ushauri? – Fundi

Fundi, kabla ya mawe uliza shamba ni la nani. Familia nyingi Magarini zinaishi bila hatimiliki, na nyumba ya mawe juu ya ardhi yenye mzozo humletea mjane kesi. Wazee wa hapa pia wanaukumbuka mradi wa makazi wa Magarini uliofadhiliwa na Australia tangu miaka ya 1970. Ulipangwa na wageni, na shida ya maji haikuisha.

Waulizeni wajane wenyewe wanataka kuhamia juu au kubaki karibu na mashamba. Wakibaki, nyumba ya udongo yenye msingi ulioinuliwa, boriti nzuri na makuti inatosha, na ikianguka wanajua kuijenga. Waiteni majirani kwa mweria, kama Wagiriama wanavyolimiana mashamba, nanyi muwe mikono ya ziada. Boriti nunueni kwa mwenye kibali. Mikoko mingi ya Kenya iko kwenu Lamu, na kuikata ovyo ni kuwatafutia wengine mafuriko.

Tukija tulale wapi? – Katibu yule yule, Nairobi

Si shuleni, madarasa yana familia ndani. Njooni na mahema, chakula chenu na maji yenu. Mtoni msiogee, kuna mamba na viboko. Na Ijumaa mchana msipange kazi ya pamoja kabla ya saa nane.