Mbegu za jogoo hazitoshi: majibu kuhusu seli shina za mifugo

Ndugu wataalamu, nafuga kuku aina ya Kuchi na wachache wa kishingo. Kideri kikipita naanza upya kwa kuomba makoo kwa majirani, na aina inazidi kuchanganyika. Mbegu za fahali hugandishwa miaka mingi. Mbona za jogoo hatuzisikii? (Msomaji, Singida)

Ndugu msomaji, za jogoo nazo hugandishwa, ila zina kasoro mbili. Ya kwanza ni gliseroli inayotumika kuzikinga na barafu: ikibaki kwenye mbegu, mayai ya tetea hayarutubishwi hata ukimpandikiza vizuri, kwa hiyo ni lazima ioshwe kwanza, na kila kuosha kunaua mbegu nyingine.

Kasoro ya pili ndiyo inayotuuma zaidi. Kwa kuku, jinsia ya kifaranga huamuliwa na mama. Jogoo ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) mbili za Z, tetea ana Z moja na W moja, na hiyo W hurithiwa kwa mama peke yake, sawa na DNA ya mitokondria. Matetea wako wa Kuchi wakiisha wote ukabaki na mbegu za jogoo, itabidi umpandikize tetea wa aina nyingine. Hata ukirudia kupandisha vizazi sita, W ya matetea wako itaendelea kuwa ya kigeni. Yai zima nalo haligandishiki, kwa kuwa kiini chake ni kikubwa mno na kimejaa mafuta. Ndiyo maana watafiti wamegeukia seli shina za uzazi, zile ambazo ndani ya kiinitete (kifaranga kinachoanza kuumbika ndani ya yai) bado hazijawa mbegu wala mayai. Hizo hubeba urithi wote, wa kuumeni na wa kukeni.

Seli hizo hupatikana vipi, na kazi huharibikia wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

Kuku ana upekee unaorahisisha kazi. Yai likikaa kwenye mashine ya kutotolesha saa 55 hadi 60 hivi, seli za uzazi huwa zinasafiri ndani ya damu ya kiinitete kuelekea mahali ambapo korodani au ovari itaota. Mtaalamu hufungua kidirisha kwenye ganda, na kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele huchota damu mikrolita 1 kutoka mshipa mkuu. Akichelewa, seli zimeshatoka kwenye damu, hapati kitu.

Damu hiyo huwekwa kwenye kimiminika cha kukuzia chenye vichocheo vya FGF2 na activini. Mwanzoni utaona chembe nyekundu tu. Hizo hufa taratibu, na baada ya wiki tatu au nne hubaki seli kubwa za mviringo, zenye punje ndani, zinazoelea bila kushika sakafu ya chombo. Zikigandana mafungu mafungu, tazama kwanza kalsiamu: iliyomo kwenye vimiminika vya kawaida vya maabara ni nyingi mno kwa seli hizi. Zikidumaa bila sababu ya wazi, pima mikoplasma, maana bakteria huyo hachafui kimiminika na huwezi kumwona kwa darubini ya kawaida.

Kila kiinitete hukuziwa chombo chake, kisha jinsia hupimwa kwa PCR, kipimo cha DNA, ya kutafuta W. Kugandisha hufanywa kwa DMSO, kemikali ya kuzikinga seli na barafu, joto likishuka nyuzi 1 kila dakika hadi −80, kisha chupa huingia kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi −196. Ukishusha haraka, maji yaliyo ndani ya seli huwa barafu na kuipasua. Ukiyeyusha polepole au ukaiacha DMSO bila kuiosha, umezimaliza kwa sumu.

Kurudisha ndege ni kuzidunga seli elfu chache kwenye damu ya kiinitete cha mlezi, yaani kuku mwingine atakayezibeba, mwenye umri uleule wa siku mbili na nusu, kuziba kidirisha na kuendelea kuatamisha hadi siku ya 21. Ugumu ni kwamba mlezi ana seli zake pia, na vifaranga huja mchanganyiko. Taasisi ya Roslin ya Uskoti ilitangaza mwaka 2021 walezi waliohaririwa jeni ili dawa maalumu iue seli zao wenyewe za uzazi. Jogoo mlezi akimpanda tetea mlezi, wote wawili wakiwa wamebeba seli za aina moja, vifaranga wa uzao wa kwanza huwa wa aina hiyo tupu.

Kuna njia nafuu zaidi: kutoa viungo vya uzazi vya kiinitete cha siku 9 au 10, kuvigandisha vilevile bila kukuza seli, na kuzitenganisha siku ya kuzihitaji. Kwa maabara zetu, tunaona hii ndiyo ya kuanza nayo. ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, pamoja na Roslin, imekuwa ikikuza na kugandisha seli za kuku wa kienyeji.

Kwa anayepeleka mayai maabara: yawe ya siku zisizozidi 7, yasioshwe, yakae kwenye nyuzi 15 hadi 18, ncha iliyochongoka ikiwa chini. Yakusanywe kwa wafugaji wengi, kwa maana mayai ya boma moja lenye jogoo mmoja ni ya ndugu watupu.

Je, vifaranga wa walezi waliohaririwa ni wa GMO, yaani viumbe waliobadilishwa jeni? (Msomaji, Machakos)

Aliyehaririwa ni mlezi. Seli zilizozaa vifaranga hazikuguswa jeni zake, na seli za uzazi za mlezi zimekufa. Hata hivyo mlezi mwenyewe hufugwa chini ya sheria za usalama wa viumbe za nchi husika.

Njia hii ya walezi, kwa fahali inawezekana? (Msomaji, Dodoma)

Bado haijafikia huko. Mwaka 2020 kundi la Jon Oatley wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington na wenzao walionyesha nguruwe na mbuzi dume walioondolewa jeni ya NANOS2, wasio na mbegu zao, wakitoa mbegu za dume mwingine baada ya kupandikizwa seli shina korodanini. Kwa fahali kikwazo ni kuzikuza seli hizo maabara: huanza chache na hazidumu. Siku jambo hili likifaulu, litawafaa wafugaji wa mbali ambako naitrojeni ya kuhifadhia mbegu za uhimilishaji haifiki, kwani fahali atatembea na kundi akipanda mwenyewe.

Nimeletewa chupa ya "seli shina" za kutibu kiwele cha ng'ombe, iliyokuwa juu ya rafu ya duka. Nitumie? (Msomaji, Kiambu)

Usitumie. Seli hai hukaa kwenye naitrojeni, au hutumika zikiwa zimehifadhiwa kwenye baridi kabla hazijafa. Za kukaa rafuni zimekwisha kufa. Seli za ng'ombe asiyejulikana zinaweza pia kukuletea maradhi zizini. Matibabu ya kiwele kwa seli shina bado yako kwenye utafiti. Kamua matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi utazame mabonge, mwite daktari wa mifugo, maliza dozi yote, na maziwa ya siku zilizoandikwa kwenye dawa yamwage, hata ndama asipewe.