Projekta ipo, darasa limelala: nilivyojikwamua mimi kwenye fizikia kidato cha pili

Mkuu, nimeusoma uzi wako mara mbili. Umesema wahitimu wenu wamewaletea projekta, ukakesha unaandaa slaidi za fizikia kidato cha pili, siku ya kwanza watoto wakashangilia, na sasa ni wiki ya tatu wanasinzia. Unauliza uweke programu gani, na kama umwombe mkuu wa shule awatafutie wanafunzi vishikwambi. Mimi niko shule ya kata huku Iringa vijijini, mwaka wa 11 huu. Hilo shimo nilitumbukia kabla yako, kwa hiyo univumilie nikiandika marefu.

Slaidi ni ubao unaokula umeme, basi. Mtoto aliyekuwa ananakili kutoka ubaoni leo ananakili kutoka ukutani. Kilichoongezeka ni kwamba mmefunga madirisha ili picha ionekane, joto limepanda, ni saa saba mchana na nusu ya darasa haijatia kitu tumboni tangu alfajiri. Hata mimi ningelala.

Baada ya slaidi nilihamia zile programu za maswali za kushindana kwa kasi. Chumba chetu cha kompyuta kilikuwa na mashine 12 zinazowaka, wanafunzi 58. Watano watano kwa mashine, aliyeshika kipanya anacheza, wanne wanamshangilia. Na kwa vile anayewahi ndiye anayezoa pointi, walikuwa wanabofya kabla sijamaliza kusoma swali. Kelele zilikuwa tamu, nikarudi ofisini najiona mwalimu wa karne. Jaribio la wiki iliyofuata likaniumbua.

Kilichonisaidia ni karatasi. Kuna programu ya simu inaitwa Plickers. Kila mwanafunzi anapewa kadi moja yenye mchoro mweusi wa miraba na namba yake. Kadi ina pande nne, A, B, C na D. Jibu lake analielekeza juu, anainua kadi. Wewe unapitisha kamera ya simu darasani na simu inasoma nani kajibu nini. Simu ni moja tu, yako, na bando ni lako. Vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022 vinafaa pia, ila changu kilishakufa betri. Kadi unazichapa mwenyewe: seti ya kawaida ina 40, kubwa ina 63, na mimi nilihitaji kubwa. Herufi zimeandikwa vidogo sana pembeni, kwa hiyo jirani hajui umejibu nini. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Mtoto anaweza kukosea bila kuchekwa, lakini hawezi kukaa kimya.

Ngoja nikupe kipindi kimoja kama kilivyokuwa. Mada ni umeme. Nikachora ubaoni betri na balbu mbili zinazofanana, zimeungwa mfululizo, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya umeme. Ipi inawaka zaidi? A, iliyo karibu na chanya. B, iliyo karibu na hasi. C, zinalingana. D, hakuna inayowaka. Kadi juu. Kati ya 58, wanafunzi 41 walisema A. Ukiwauliza wanakwambia balbu ya kwanza "inakula" umeme, ya pili inapata makombo. Na hawa walikuwa wameshanakili kanuni ya Ohm vizuri kabisa, kwa kalamu ya rangi mbili.

Sikuwaambia jibu. Niliwapa dakika tatu kila mmoja ambishie jirani yake, kisha kadi tena. Waliosema C wakafika 27. Mbinu hii si yangu, ni ya Eric Mazur, mwalimu wa fizikia pale Harvard, aliyeianza mwaka 1991: swali, kura, mabishano, kura tena. Ndipo nikawasha projekta, kwa mara ya kwanza kipindi kile. Nilikuwa na maabara ya kuigiza ya PhET, inayotengenezwa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ile ya kuunga saketi. Ni bure, unaipakua mara moja ukiwa na mtandao, baadaye inafunguka kwenye kivinjari bila bando. Unaona vidoti vya bluu vinatembea ndani ya waya kwa mwendo uleule, kabla ya balbu na baada ya balbu. Darasa likanyamaza.

Nikataka kumalizia kwa mbwembwe. Nikatoa betri mbili za tochi na balbu mbili za kizamani, zile zenye uzi ndani (siku hizi kuzipata ni kazi, muulize mzee mwenye duka la vipuri vya baiskeli). Nikaunga. Balbu ya karibu na chanya ikawaka zaidi. Kweupe kabisa, hata wa nyuma wakaona. Mmoja akasema, "Ticha, kompyuta imetudanganya." Mkuu, nilitoka jasho.

Aliyeniokoa ni binti wa dawati la mwisho, ambaye sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia tangu kidato cha kwanza. "Tuzibadilishe nafasi." Tukazibadilisha. Ile ing'aayo ikaendelea kung'aa, safari hii ikiwa upande wa hasi. Kumbe balbu zenyewe hazikufanana! Wakapiga meza mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia. Somo la kuchunguza jambo kwa kubadilisha kitu kimoja tu nilikuwa nimelifundisha mwezi Februari kwa slaidi nane, na hakuna aliyelishika.

Angalia pia lugha aliyoitumia. Tunafundisha kwa Kiingereza, na watoto wengi unaoona wamelala hawana usingizi, wanaogopa kufungua mdomo. Kwenye zile dakika tatu za kubishana nawaachia Kiswahili, na Kihehe kikija nacho kije. Wakimaliza, kila mmoja anaandika sentensi moja ya Kiingereza kueleza kwa nini. Mthibiti ubora akija na neno lake nitamjibu, madaftari yapo.

Mambo ya kukukwaza sasa. Kadi usizipeleke stationery zikawekwe plastiki ya kung'aa. Mwanga wa dirishani unarudi kama kioo na simu haisomi kitu. Mimi nilirudia kuchapa zote, nikazibandika kwenye maboksi ya chaki. Wafundishe wasifunike mchoro kwa vidole. Kwa projekta, shuka jeupe ni bora kuliko ukuta uliopakwa rangi ya krimu. Umeme ukikatika wainue vidole kifuani, kimoja hadi vinne, uhesabu kwa macho. Ni kura ileile. Na usitumie maswali zaidi ya matatu kwa kipindi, kwani swali la nne huwa wanakisia.

Kuandaa swali zuri ndiko kunakokula muda, kuliko hata slaidi. Mimi nayatoa kwenye makosa yao ya mitihani: nachukua jibu baya lililorudiwa na wengi, naliweka kama A.

Vishikwambi vya wanafunzi achana navyo kwa sasa. Vitafungiwa kabatini, ufunguo atakaa nao mwalimu wa taaluma, na nusu vitakuwa vimekufa kabla ya Juni. Kwa mkuu wa shule omba rimu moja ya karatasi, pazia nzito za madirisha mawili ya mbele tu ili ya nyuma yabaki wazi, na balbu kumi za tochi. Kama uko kidato cha pili nina maswali ya umeme, sumaku na mashine rahisi, karibu thelathini. Nayaandika upya kwenye simu, Jumamosi nikishuka mjini nitayaweka hapahapa.