Shaba au rangi tu?

Ndugu, nimekuelewa: sahani moja unayotaka kununua, picha ya mchana hapa Lubumbashi na ya usiku chini ya balbu, na hujui kama ni shaba au plastiki iliyopakwa rangi. Rangi iache kwanza. Balbu ya njano hudanganya. Tazama mng'ao, pale mwanga unapojiakisi. Kwenye shaba tupu mng'ao wenyewe huwa na wekundu, kwenye plastiki hubaki na rangi ya taa. Jua kali huunguza picha, kila mng'ao ukawa mweupe, basi piga tena kivulini na karatasi nyeupe kando ya kulinganishia rangi ya mwanga. (Mimi nililipia "shaba" kwa picha moja tu. Aibu!) Chuma kilichopakwa shaba juujuu picha haikigundui: peleka sumaku, au fundi aipime kabla hujalipa.