Buibui wa kufuga kwenye basi la Tanga: kopo dogo, tishu nyingi

Anayemfungasha buibui wa manyoya kwa mara ya kwanza humtafutia kopo kubwa, analitoboa kama chujio, kisha anamtilia mende wa kula njiani. Huruma hiyo ndiyo inayomuua. Buibui mkubwa hukaa wiki kadhaa bila kula, na hewa anayotumia ni kidogo mno. Asichokiweza ni kurushwarushwa: tumbo lake ni kama puto la maji, likigonga plastiki ngumu hupasuka.

Basi usimlishe siku 5 hadi 7 kabla ya safari, tumbo lipungue. Akigoma kula mwenyewe na tumbo likaanza kuwa jeusi, ahirisha. Anakaribia kujivua gamba (la kweli, si lile la wanasiasa majukwaani), na kopo la safari si mahali pake.

Kwa buibui anayetanda sentimita 10 miguu ikinyooshwa, kopo la siagi la gramu 500 linatosha. Toboa matundu 6 au 8 kwa msumari mwembamba wa moto, ukisukuma kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje, ncha kali za plastiki zinabaki ndani na kumchana. Tandika tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa mpaka isidondoke hata tone. Mapafu yake yako chini ya tumbo, kwa hiyo chepechepe ni hatari. Zungushia tishu kavu zilizofinyangwa, uache shimo katikati kama kiota.

Muingize kwa kumsukuma taratibu kwa brashi laini, vidole vikae mbali. Yule wa rangi ya chungwa, anayejulikana duniani kwa jina la milima yetu ya Usambara, ana mbio za ajabu na akiuma utajuta. Mfunike kwa tishu nyingine mpaka kifuniko kizigandamize kidogo. Sasa inamisha kopo polepole: ukisikia kitu kinateleza, tishu hazijatosha. Piga selotepu, usizibe matundu.

Kopo liingie kwenye boksi la povu jeupe, lile la wauza samaki, lililooshwa likaisha harufu na kutobolewa matundu machache. Jaza magazeti lisicheze. Joto huua haraka kuliko baridi, kwa hiyo pale Kange, stendi ya mabasi ya Tanga, chagua basi la alfajiri, na umwombe konda asilitie kwenye buti karibu na injini. Tuma Jumatatu au Jumanne. Kifurushi cha Ijumaa kinaweza kulala ofisini mpaka wiki ianze. Juu andika KIUMBE HAI, BUIBUI, na namba ya simu. Ukiandika "vitafunwa" utamponza konda mwenye njaa. Na kama ametoka porini au anavuka mpaka, malizana kwanza na maofisa wanyamapori.

Mpokeaji afungulie kopo ndani ya beseni refu, amwache atoke mwenyewe. Miguu ikiwa imejikunja chini ya kifua, ana kiu: buibui hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, na yakipungua miguu hukunjamana. Mdomo wake uwekwe ukingoni mwa kifuniko chenye maji kidogo. Akikutwa chali miguu juu asiguswe, huenda anajivua. Chakula kisubiri siku 4 au 5.